Mume wangu dereva wa ambulensi alipigwa na watu mwaka jana. Kidonda kimepona, yeye hajapona. Nianzie wapi?

Mama Eliya, Moshi

Wakuu habari za humu. Naomba mnisome hadi mwisho, hasa mlioko kwenye afya au uokoaji, maana huku mtaani kila mtu ana lake na mimi nimechoka kusikiliza.

Nauza mitumba soko la Memorial, naishi Pasua. Mume wangu ni dereva wa ambulensi kwenye hospitali moja binafsi. Mwezi wa nane mwaka jana, usiku, waliitwa ajali ya bodaboda na Noah barabara ya Himo. Zamu ile gari lilikuwa moja na lilikuwa limepeleka mama mjamzito rufaa, kwa hiyo walifika wamechelewa. Walikuta watu wamejaa, bodaboda wamemzunguka mwenzao aliyelala chini. Nesi hajashusha hata machela, kelele zikaanza: mlikuwa wapi, mnasubiri afe ndiyo mje. Baba Eliya akashuka kuwaomba wapishe. Akapigwa jiwe juu ya sikio la kushoto, akaanguka, wakamkanyaga shingoni na mgongoni. Kioo cha mbele kikavunjwa. Waliowaokoa ni mama mmoja muuza ndizi na wazee wawili waliosimama katikati wakipiga kelele, mkiwaua hawa nani atambeba mtoto wenu? Basi akainuka, wakampakia majeruhi, na akaendesha yeye mwenyewe hadi hospitali huku damu inamshukia kwenye kola. Yule kijana alipona. Nilimwona sokoni mwezi wa kwanza, anatembea na gongo.

Mume wangu alishonwa, akapumzishwa, akarudi kazini. Nikajua yameisha.

Hayajaisha. Usiku anaamka amelowa jasho, anazunguka kukagua komeo la mlango na madirisha. Viatu analala navyo pembeni ya kitanda, vimefunguliwa kamba tayari kuvaliwa. Barabara ya Himo hapiti tena, hata msiba wa shangazi yake Marangu alituma pesa, hakwenda. Akisikia king'ora cha gari la mwenzake mikono inatetemeka, na sasa kazini wamempa gari la kubeba dawa na wafanyakazi. Kichwa kinamuuma upande ule ule, sikio linapiga mlio mfululizo. Presha hakuwa nayo, juzi duka la dawa wamempima 150/95. Jioni yuko kilabuni kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na zamani alikuwa mtu wa kikombe kimoja cha sherehe.

Kilichonifanya niandike ni cha Jumapili. Tumekaa mezani, bodaboda akapita hapo nje eksozi ikapiga paa. Kabla sijageuka, mume wangu alikuwa ameshamvuta Eliya chini ya meza, amemkandamiza kichwa sakafuni kwa mkono. Mtoto analia, uji umemwagika, na yeye amekaa chini anatutazama hajui aseme nini. Eliya ana miaka sita. Tangu siku hiyo akimsikia baba yake mlangoni ananifuata jikoni.

Na nisamehewe kwa kusema hili hadharani, lakini tangu ajali ile hanigusi. Tumekuwa kama kaka na dada.

Mama mkwe anasema ametupiwa kitu. Kazini wanamwambia ajikaze. Mimi nauliza: haya yote yanaweza kuwa ya usiku ule mmoja? Na nimpeleke kwa nani?

Kijana wa Sombetini

Pole sana dada. Ila miezi kumi ni mingi kwa jiwe moja. Mimi ni bodaboda, nimeanguka, nimevunjika mkono, nimeporwa pikipiki, na maisha yanaendelea. Punguzeni pombe, mpate mtumishi wa Mungu amwombee, mumpe muda. Uwe mwangalifu na kliniki ya akili. Jina likishatoka mtaani halirudi.

Nesi wa Zamu, Arusha

Mama Eliya, pole wewe na pole kwa shemeji. Nimekaa idara ya dharura miaka mingi, na mimi mwenyewe nimeshakabwa koo na ndugu wa mgonjwa nikiwa nimeshika dripu ya mgonjwa wao, kwa hiyo hili nalijua pande zote mbili.

Ndiyo, yanaweza kuwa ya usiku ule mmoja. Ndoto, kukwepa barabara, kushtuka kwa mlio, hasira, kukagua komeo. Mtu akishambuliwa, dalili hizi kwa siku au wiki za mwanzo ni kawaida na kwa wengi huisha zenyewe. Zikivuka mwezi na bado zinavuruga kazi na nyumba, huo ni ugonjwa unaoitwa PTSD, na una matibabu. Mwili wake haujapata taarifa kwamba hatari imepita. Adrenalini inapanda kwa sauti ya eksozi kama ilivyopanda kwa jiwe, moyo unakimbia, misuli ya shingo inakaza, usingizi unakatika. Ukiishi hivyo mwezi baada ya mwezi, presha inapanda, kichwa kinauma, tumbo linavurugika, na mtu anatafuta kitu cha kumlaza. Wengi wanakipata kwenye chupa au kwenye kata ya mbege. Pombe inamlaza saa mbili tatu halafu inamwamsha usiku wa manane na ndoto kali zaidi.

Ndugu yangu wa Sombetini, nakuheshimu, lakini kuanguka na pikipiki na kupigwa na watu uliokuja kuwasaidia ni vitu viwili tofauti. Binadamu akikudhuru kwa makusudi, jeraha la moyoni huwa zito kuliko la ajali, hilo limeonekana kwenye tafiti nchi nyingi. Tena dereva wa ambulensi anatakiwa kesho yake akalie kiti kile kile, awashe king'ora kile kile, aende kwenye umati mwingine. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupigwa au kushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Hao wote hawawezi kuwa dhaifu.

Sasa dada, usikimbilie kichwa cha mawazo ukasahau kichwa cha mfupa. Alipigwa jiwe akaanguka. Je, alipoteza fahamu hata kidogo? Alipigwa picha ya CT, au alishonwa tu? Mtikisiko wa ubongo peke yake unaweza kumwachia mtu maumivu ya kichwa, usahaulifu, kuchukia mwanga na hasira kwa miezi mingi, na kwa macho huwezi kuutenganisha na PTSD. Mara nyingi vinakuja pamoja. Sikio linalopiga mlio linahitaji kipimo cha usikivu, kwa sababu pigo la pembeni huweza kutoboa ngoma ya sikio au kudhuru ndani zaidi. Shingo iliyokanyagwa nayo hutoa maumivu yanayopanda kichwani. Daktari aguse vyote. Ikitokea kichwa kinazidi siku hadi siku, anatapika, anasinzia mchana ovyo, maneno yanamkwama au mkono mmoja unalegea, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke dharura siku hiyo hiyo.

Dukani wasikuuzie daizepamu kwa ajili ya usingizi. Najua inapatikana kirahisi. Inazoesha haraka, ikikutana na pombe inaweza kumzuia kupumua, na kiwewe haikitibu. Kinachotibu hasa ni mazungumzo ya kitaalamu, ya wiki kwa wiki, ambapo anasaidiwa kulirudia tukio taratibu mpaka lipoteze nguvu. Vipo na vidonge kama fluoksetini au sertralini, ambavyo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo asiviache baada ya siku tano akisema havifai. Hapo Moshi mnayo hospitali ya rufaa ya KCMC, ina kliniki ya afya ya akili na idara ya masikio, pua na koo humo humo.

Mambo mawili nakuuliza, na unijibu hata faragha. La kwanza: damu. Alikuwa na kidonda kibichi, na alishika majeruhi anayevuja damu. Alipewa dawa za kinga za VVU? Zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Nauliza kwa sababu ya lile uliloliomba msamaha. Nimeona wanaume wakijitenga na wake zao kimya kimya kwa hofu hii, na mke anadhani hapendwi.

La pili: ameshasema neno lolote la kutotaka kuishi? Muulize wazi, kwa maneno yenyewe: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumwekei wazo hilo kichwani. Na kama nyumbani au kihambani kwenu kuna sumu ya kupulizia kahawa, ihamishe leo kabla ya mazungumzo mengine yoyote.

Mstaafu wa Zimamoto, Kaloleni

Mama Eliya, mpe mkono mume wako kwa niaba yangu. Kupigwa, ukainuka, ukaendesha gari ukamfikisha mgonjwa, hiyo ni kazi ya askari.

Mimi nilikuwa zimamoto. Sisi kosa letu kwa wananchi huwa ni moja, eti tumekuja bila maji. Gari la lita 5,000, ukifungua pampu itoe lita 1,000 kwa dakika, ndani ya dakika tano limekauka. Moto bado. Gari linaondoka kwenda kujaza, na watu wanaona gari linakimbia moto. Hapo ndipo mawe yanaanza. Mwenye duka linaloungua hawezi kupiga hesabu ya lita, anaona maisha yake yanateketea na anayevaa sare yuko mbele yake. Simlaumu kwa uchungu. Namlaumu kwa jiwe.

Nikuambie kinachotokea baadaye, kwa sababu watu huona bandeji tu. Kijana wangu mmoja alipasuliwa taya na tofali. Taya lilipona vizuri kabisa. Miaka mitatu baadaye alikuwa anaomba kila zamu abaki kupokea simu za dharura za zimamoto, 114, hataki kutoka. Tukamwita mvivu. Alikuwa mtu wa kwanza kuingia kwenye moshi, huyo. Aliacha kazi, ndoa ikavunjika, na sasa ana sukari na presha. Hakuna aliyeandika popote kwamba ni tofali lile.

Mimi mpaka leo harusini nakaa karibu na mlango, kiti kinachotazama watu. Nikiegesha gari naegesha linatazama barabara. Mke wangu alishaacha kuuliza. Hivyo viatu vya mume wako pembeni ya kitanda, navijua.

Na wewe wa Sombetini, kwa kuwa uko kijiweni: mwenzenu akianguka, wawili wasimame barabarani wafungue njia, mmoja tu azungumze na wahudumu, wengine wote hatua kumi nyuma. Ukitaka kulalamika kuhusu kuchelewa, andika namba ya gari, kesho nenda ofisini kwao. Usiku ule mwache dereva afanye kazi.

Mama Eliya, Moshi

Nimesoma nimelia, halafu nikafanya mlivyosema.

Sumu ya kahawa ilikuwepo, chupa mbili chini ya kitanda cha stoo. Nimempa kaka yangu akaondoka nazo Kibosho. Jana usiku watoto walipolala nikamuuliza lile swali kwa maneno yale yale, sikuzungusha. Alikaa kimya muda mrefu, akasema kujiua hapana, ila kuna siku anatamani jiwe lingemaliza kazi. Nimelishika hilo neno, sitalilegeza.

Dada Nesi, kuhusu damu umesema kweli. Hakupewa chochote. Kwanza alikuwa anashonwa yeye, na asubuhi yake hakuna aliyeuliza. Miezi yote hii anaamini ameupata, na anaogopa kupima kwa sababu akipima itakuwa kweli. Ndiyo maana hanigusi. Anasema alikuwa ananilinda. Leo mchana tumekwenda wote wawili, tukapima wote. Yuko salama, na mimi pia. Alitoka pale akaegemea ukuta, akaomba maji.

CT hakupigwa. Alishonwa tu. Alipoteza fahamu kidogo, nesi wa ambulensi amenithibitishia kwa simu.

Mchungaji wetu nimemwambia pia, kaka wa Sombetini, na ameomba na sisi. Ila yeye mwenyewe ndiye aliyesema twende KCMC.

Kilichobaki ni gharama. Mwajiri anasema lile ni tukio la jinai, tumalizane na polisi. Ninayo nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Polisi hawakumpata mtu.

Usalama Kazini, Usa River

Dada, hapa lazima uende haraka. Mimi ni afisa usalama kwenye shamba la maua na haya madai nayashughulikia kila mara.

Dereva aliyeumizwa akiwa zamu ameumia kazini, awe ameumizwa na mashine au na mtu. Kesi ya polisi ina njia yake, fidia ina njia yake, na moja haingoji nyingine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, umewekwa na sheria ya mwaka 2008 na ulianza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Mwajiri akishajua ajali anatakiwa kuupa Mfuko taarifa ndani ya siku saba. Lakini kwako wewe muhimu ni hili: ajali isipotolewa taarifa ndani ya miezi 12, haki inapotea. Tukio ni la mwezi wa nane. Hesabu mwenyewe uone zimebaki wiki ngapi.

Kesho mume wako aandike barua kwa mwajiri: tarehe, mahali, kazi aliyokuwa anafanya, sehemu zilizoumia, na dalili zote alizonazo sasa, pamoja na usingizi na hofu. Nakala abaki nayo, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ambatanisha PF3, cheti cha hospitali alikoshonwa, na maelezo ya maandishi ya yule nesi aliyekuwa naye. Ukurasa wa kitabu cha zamu wa usiku ule upige picha kama mtaruhusiwa. Halafu wasiliana na WCF wewe mwenyewe, usingoje mwajiri akuambie amefanya. Wakiwagomea, afisa kazi wa mkoa yupo kwa ajili hiyo.

Mfuko unalipia matibabu. Akipumzishwa kwa sababu ya jeraha hilo, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara. Na mtu asikwambie kwamba kiwewe hakihesabiki kwa kuwa hakionekani kwenye picha. Shirika la Kazi Duniani liliiweka PTSD kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazini tangu mwaka 2010. Mwambie daktari aandike wazi kwenye ripoti ugonjwa ni nini na kwamba umetokana na shambulio la tarehe fulani. Ripoti inayosema tu "anasumbuliwa na mawazo" haitamfikisha popote.

Kijana wa Sombetini

Nimewasoma wote. Dada, hongera kwa majibu ya vipimo. Mimi kwenye maombi bado nasimama, lakini hilo la kuzimia na kutopigwa picha limenitisha, muwahini. Mzee Mstaafu, ya njia na mtu mmoja wa kuongea nitaipeleka kijiweni, tuna kikao Jumamosi. Siahidi kwamba watakubali, kuna vijana wana hasira na mwenzetu aliyefia barabarani wakingoja gari.

Mstaafu wa Zimamoto, Kaloleni

Waambie hiyo hasira waipeleke kwa mkurugenzi na diwani, ambulensi moja kwa zamu nzima haitoshi. Mimi nitakuja hicho kikao kama mtanipa nafasi.

Nesi wa Zamu, Arusha

Mama Eliya, umefanya kazi kubwa kwa siku mbili. Kwenye vipimo ongeza homa ya ini B, nayo hupita kwenye damu, na akikutwa hana apewe chanjo. Ni sindano tatu.

Siku ya kliniki nenda naye, na wewe ndiye useme ya Jumapili mezani, kwa sababu yeye atasema "ni kichwa tu". Andika kwenye karatasi: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, anakunywa kiasi gani, presha kila ulipopima, na lile neno la jiwe kumaliza kazi, hilo liwe la kwanza. Pombe asiikate ghafla kama anakunywa kila siku, daktari amwelekeze namna ya kushuka, maana kuacha kwa mkupuo kunaweza kumletea degedege. Gari siku hiyo aendeshe mtu mwingine.

Kwa Eliya, baba yake amwambie mwenyewe, kwa ufupi: nilishtuka, sikukukasirikia, naenda hospitali kutibiwa. Mtoto wa miaka sita analielewa hilo. Ukimficha, atadhani yeye ndiye aliyekosea.

Ukipata tarehe ya CT nijulishe hapa. Wakikupa ya mbali sana, na kichwa bado kinauma hivyo, rudi ukaseme alizimia. Hilo neno linabadilisha foleni.